Walisema Amemfuata Babu Yake

Nimestaafu, lakini ukipita nyumbani kwangu asubuhi utadhani bado nalipwa. Utakuta mama amesimama kwenye ua na mtoto mgongoni, anangoja nimalize kukamua ng'ombe. "Sista, ni swali moja tu." Halijawahi kuwa moja. Magoti yangu yamechoka na mimi mwenyewe nimechoka, ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza sasa kazi ya kliniki ya watoto. Mkiifanya vizuri, mtanipunguzia foleni ya kwenye ua.

Mimi ni mtu wa Mbeere, chini kule Embu kwenye jua na mbuzi, na ndoa ndiyo iliyonipandisha huku Tigania kwenye ukungu na miraa. Nimefanya kazi ya uuguzi Embu mjini, nikafanya Meru mjini, nikamalizia kwenye zahanati moja kando ya barabara ya Mikinduri. Kote huko kazi ilikuwa ile ile. Pima mtoto, mchome sindano, andika, mwite mwingine. Zamani tulimtundika mtoto kwenye mizani ya ndoano, akiwa ndani ya kisuruali cha turubai, anapiga mateke hewani na mshale unacheza kilo mbili huku na huku. Siku hizi mna mizani inayoandika namba yenyewe. Ni nzuri, siikatai, ila inawafanya mwangalie namba badala ya kumwangalia mtoto.

Aliyenifundisha kuangalia ni Sista Wanja, muuguzi mkubwa wa kliniki niliyoanzia Embu. Alikuwa mkali na mfupi, na viatu vyake vilisikika kabla yake. Aliniambia, "Usimpime mtoto akili ukiwa na sindano mkononi. Mbele ya sindano wote ni sawa, na baba zao pia." Njia yake ilikuwa kubeba beseni tupu. Alitoka nje kana kwamba anaenda kuchota maji, akapita polepole mbele ya mabenchi ambapo akina mama wanangoja, akarudi na beseni lile lile bila hata tone. Hakuna aliyemtilia maanani mtu mwenye beseni. Nilipoanza kumwiga, mkuu wetu aliniuliza mbele ya watu ni maji gani hayo nachota kila saa na hayafiki. Nikasema bomba limekauka. Kwa bahati mbaya lilikuwa linamwagika nyuma yangu.

Lakini kwa beseni hilo niliona mengi. Mtoto wa miezi tisa ukipita atakutazama usoni. Ukimchekea atacheka, au atajificha kwenye shingo ya mama, halafu achungulie tena kuona kama bado upo. Huyo anajua kuna watu duniani. Mkubwa kidogo, wa mwaka na nusu hivi, akiona kuku anapita uwanjani atanyoosha kidole, kisha atageuka kumwangalia mama yake. Hamtaki huyo kuku. Anataka mama naye amwone. Hilo ndilo jambo nililofundishwa kulitafuta, mtoto kumshirikisha mwingine alichokiona, na mara nyingi huja hata kabla ya maneno.

Sasa kuna mtoto utakayempita hivyo na usimpate. Mwite jina, hageuki. Mchekee, macho yake yanakupita kwenda kwenye kitasa cha mlango. Ana kigari cha kuchezea, na badala ya kukiendesha amekipindua na anazungusha gurudumu moja, anazungusha, anazungusha, na ukimnyang'anya kilio chake si cha mtoto aliyenyimwa, ni cha mtoto aliyeumizwa. Mwingine anatembea kwa ncha za vidole. Mwingine anaziba masikio pikipiki ikipita, mwingine anapigapiga mikono hewani akifurahi. Mmoja ana chakula cha aina moja tu anachokubali, na ole wako ugali uguse mboga.

Msikimbilie kumpa mtu jina la ugonjwa kwa sababu ya kitu kimoja. Wajukuu wangu wote wawili wametembea kwa ncha za vidole na sasa wanaruka ua wa majirani wakiiba matunda. Kuna watoto wanaochelewa kusema, lakini wananyoosha kidole, wanakuletea kiatu ulichowatuma, wanamnywesha mwanasesere uji usiokuwepo. Wachunguzwe pia, ila hao ni habari nyingine. Kinachonisumbua mimi ni mambo hayo yakija pamoja na yakikaa. Na zaidi ya yote ananisumbua yule aliyekuwa na maneno machache, alisema "mama", alisema "tata", halafu yakapotea. Huyo msimwambie mama yake asubiri hata kidogo.

Nimechoka na hilo neno subiri. Nimelisikia kwa wachungaji, kwa mashemeji, kwa wauguzi wenzangu waliotaka kufunga mapema. Wavulana huchelewa, subiri. Hata baba yake alichelewa, subiri. Mkateni uzi wa chini ya ulimi, halafu subiri. Na mjue kalenda yetu inawasaidia hao wa kusubiri, kwa sababu akishachomwa sindano ya surua ya mwaka na nusu, mama harudi tena kliniki mpaka mtoto augue. Yaani anatuaga wakati ule ule ishara zinapoanza kuonekana wazi. Ile siku ya sindano ya mwisho ndiyo siku yenu ya kutoka na beseni.

Na muulize vizuri. Ukimuuliza mama, "Anaongea?" atasema anaongea, kwa sababu gari la kurudi nyumbani linajaza na amekaa hapo tangu asubuhi. Utaweka tiki na nyote wawili mtafurahi. Mimi nilikuwa nauliza hivi: "Akitaka maji anafanyaje?" Hapo hana namna ya kujibu bila kufikiri. Mmoja atasema analia. Mwingine atasema anaonyesha mtungi kwa kidole na kumtazama. Na mmoja atasema, "Ananishika hapa kwa kifundo cha mkono, ananivuta, anaweka mkono wangu juu ya kikombe. Lakini haniangalii." Ukisikia hivyo weka kalamu chini, mwambie akae.

Nikiwa Meru mjini, nyumba za kupanga za Majengo zilituletea watoto wengi. Kulikuwa na mama aliyeuza maandazi karibu na msikiti, na binti yake alisifiwa na mtaa mzima. Halii, hasumbui, ukimweka chini na vifuniko vya soda unamkuta pale pale amevipanga mstari. Siku moja nikamwuliza, "Unaitwa nani?" Akajibu, "Unaitwa nani?" kwa sauti yangu hasa, hata uchovu wangu ukiwa ndani. Wenzangu walicheka sana. Mimi nilimwomba mama yake arudi naye Ijumaa aangaliwe, na kumshawishi kulikuwa kazi ngumu, maana nani anapeleka hospitali mtoto anayesifiwa? Wasichana wa namna hii wanatupita mikononi kwa sababu hawajavunja kitu.

Lakini niliyetaka kuwaeleza ni Mwiti.

Nilikuwa nimeshastaafu. Kathure, mama yake, ni jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mke wa Murithi, fundi wa mbao anayefanya kazi Isiolo na kurudi mwisho wa mwezi. Kathure huuza ndizi na parachichi soko la Mikinduri, hutoka kabla jua halijapanda, na mtoto hubaki na mama mkwe. Alikuja kwenye ua, akanunua maziwa, akalipa, na hakuondoka.

"Sista, Mwiti ako karibu miaka tatu na hajaniita mama," akasema. "Nikisema nyumbani wananiambia nimwache. Ati amefuata guka yake."

Nyinyi wa huku mnajua, na wa kwingine niwaeleze: guka ni babu. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na akipewa jina watu hungoja kuona tabia ya mwenye jina ikitokea kwake. Bibi humwita mjukuu huyo mume wake, humpakulia kwanza, humtania kwamba amechelewa kurudi nyumbani. Ni desturi tamu na mimi naipenda. Sasa babu aliyetoa jina hili, Mzee Mwiti, ndiye mtu mkimya kuliko wote niliowajua Tigania. Siku ya mahari ya binti yake alisema neno moja, nalo lilikuwa "sawa". Kazi yake ni miraa, kuchuma na kufunga, na hakuna afungaye kama yeye. Kila kijiti analinganisha na mwenzake kwa urefu kabla ya kukizungushia ganda la mgomba.

Kwa hiyo mtoto aliponyamaza, nyumba nzima ilifurahi. Alipokaa kwenye kibanda cha babu akipanga vijiti vya miraa vilivyotupwa, kirefu kwa kirefu, kifupi kwa kifupi, waliita majirani waje waone. Alipokataa kumtazama mtu usoni walisema hata mzee ndivyo alivyo, anaongea na wewe akiangalia milima. Hakukuwa na ishara hata moja ambayo haikuonekana. Zote zilionekana, na zote zilipokelewa kwa vigelegele.

Nilimtazama Mwiti siku hiyo pale kwenye ua, nikacheza naye kidogo, yaani nilijaribu. Nikamwuliza Kathure lile swali la maji na akanijibu jibu lile la mkono. Nikamwambia asiogope, ila ampeleke hospitali Meru mjini, apimwe masikio kwanza, halafu aangaliwe na watu wanaojua jinsi mtoto anavyocheza na kuwasiliana. Nikamwambia huenda ni usonji, na kwamba mimi si wa kuthibitisha. Kwa Kimeru sikuwa na neno la kumpa. Nilimwelezea tu kwamba ni namna ubongo unavyozaliwa, unapokea dunia kwa njia yake.

Kesho yake mama mkwe alikuwa mlangoni kwangu. Watu humwita Mama Murithi. Ni mwanamke mrefu, mchapakazi, na hajawahi kuninyima kitu. Hakutaka kuketi.

"Umeambia mke wa Murithi mtoto ni mgonjwa."

"Sikusema mgonjwa, Mama Murithi."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema aangaliwe masikio. Na aangaliwe kwa nini hageuki akiitwa."

"Mzee wangu ameishi miaka yote hii bila kuongea-ongea. Amenunua shamba, amesomesha watoto. Na yeye tumpeleke Meru aangaliwe?"

Fikirini vizuri alichokuwa anasema. Kama tabia ya mtoto ni ya babu, na mimi nasema tabia hiyo ina kasoro, basi nimemtukana mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe. Mtoto huyo hangevuka lile boma kwenda hospitali bila ruhusa ya bibi. Hata angevuka, ni nani angekaa naye mchana kutwa akifanya yale ambayo hospitali ingesema yafanywe? Kathure yuko sokoni. Kila kitu cha mtoto huyo kilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyenigeuzia mgongo akashuka kijito.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Si kwa sababu yake. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimestaafu na bado naambiwa subiri, na mtoto anaongeza umri. Niliosha vyombo vya maziwa mara mbili siku hiyo bila kujua.

Nilikaa nikangoja hasira yake ipoe, na yangu pia, halafu nikaenda kwao alasiri moja. Nilimkuta mzee kibandani anafunga miraa, Mwiti kando yake na vijiti vyake. Mama Murithi aliniletea chai, kwa sababu hata akikasirika hawezi kumwacha mgeni bila chai, akaiweka bila kusema karibu. Alikuwa anarudi jikoni mzee aliposema, "Mama Murithi, keti."

Aliketi. Nadhani alishtuka, kama mimi.

Mzee hakuacha kufunga. "Tangu huyu sista aseme yale maneno, nimekuwa nikiita huyu mtoto," akasema. "Nasimama nyuma yake, naita Mwiti. Hageuki. Naita tena. Halafu naenda pale mbali natikisa mkebe wa njugu, polepole, hata wewe jikoni huwezi sikia. Anakuja mbio."

"Ni mtoto, anapenda njugu," Mama Murithi akasema.

"Mimi nilikuwa mtoto pia. Mama akiniita nilikuwa najua ni mimi naitwa. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu sikutaka kuenda kuchunga." Alikaza kifungu, akakiweka chini. "Nilikuwa nasikia jina yangu. Huyu, hiyo jina bado haijamfikia. Musiseme tena ni mimi amefuata. Mimi sikunyamaza hivyo."

Sikuwa nimewahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwa Mzee Mwiti, na sijayasikia tena. Mama Murithi alimtazama mtoto, na niliona uso wake ukibadilika, nikamwonea huruma. Alikuwa na waume wawili ndani ya boma na sasa aliambiwa mmoja wao hamjui.

"Waende," akasema, akaenda jikoni.

Nilimweleza mzee kwamba masikio yatapimwa hata hivyo, kwa sababu kusikia njugu si sawa na kusikia maneno yote. Na nyinyi msiache kupima eti kwa sababu babu ana mkebe.

Niliwasindikiza Kathure na Mwiti tangu safari ya kwanza. Masikio yalikuwa mazima. Zikafuata safari nyingine, na mara zote kijana mmoja mtaalamu aliketi sakafuni na Mwiti, akacheza, akaandika, akamwuliza Kathure maswali mengi ya tangu mimba. Mwishowe daktari akasema ndiyo, ni usonji. Kathure alishukuru vizuri tu, kwa adabu, akatoka, na tulipofika ukumbini akaanza kulia.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Waliniambia ni simu. Wengine wakasema ni dawa za kupanga uzazi nilikuwa nakunywa. Wengine sindano za kliniki."

Nikamwambia si simu, si dawa hizo, si sindano, si laana, na si kwa sababu anaamkia soko. Nilimwambia tena tukiwa njiani, na tena siku nyingine kwenye ua. Mtalazimika kurudia hivyo. Mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba ni yeye haamini mara moja kwamba si yeye, na kumwambia ukiwa umesimama na faili kwapani hakutoshi.

Jioni tulimkuta Mama Murithi ameketi mlangoni. Kathure akamweleza yote kwa Kimeru, taratibu, bila kuficha. Mama Murithi aliuliza jambo moja.

"Wamempa dawa gani?"

"Hawajampa, mami. Hii haina dawa ya kuiondoa. Wamesema ni kufundishwa kila siku, nyumbani. Huko tutakuwa tunarudi tu mara moja moja."

Nilijua kinachokuja, kwa maana nimekiona mara nyingi. Watu husikia hakuna dawa na wanafunga mlango. Wengine hukasirika, wengine huanza kuzunguka kwa waombezi, wengine humficha mtoto chumba cha nyuma wageni wakija. Nilikuwa nimechoka sana jioni ile, miguu imevimba, nikawa tayari kujiambia kwamba nimefanya yangu.

Mama Murithi akanigeukia. "Mimi ndiye nashinda na yeye. Sasa kesho asubuhi mama yake akienda soko, nafanya nini?"

Katika kazi yangu yote niliulizwa ni nani aliyesababisha, ni nani alaumiwe, na itaisha lini. Hilo la kesho asubuhi niliulizwa na wachache mno. Nikaomba ndizi.

Nikamwonyesha nilivyoona yule kijana wa hospitali akifanya. Keti chini, mbele yake, uso wako usiwe juu ya wake. Mwonyeshe ndizi. Sema "ndizi", neno moja, usihubiri. Halafu ngoja. Usimpe kwa sababu amekuvuta mkono, mpe akiinua macho kukutazama, hata kidogo. Na akianza kutaka kulia, mpe, usimfikishe kwenye kilio.

"Kungoja tu?"

"Kungoja tu."

Kwake ilikuwa kazi nzito. Huyu ndiye aliyekuwa akimpakulia kabla ya wote, na hakuwahi kumngojesha. Alikunja leso, akaketi ardhini amenyoosha miguu, akashika ndizi iliyomenywa. "Ndizi," akasema. Mwiti akaja, akamshika kifundo cha mkono, akavuta. Bibi hakusogea. Akavuta tena. Mzee, kule kibandani, aliacha kufunga miraa. Kathure alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ni lini nimwambie basi, inatosha. Mtoto akaachia mkono, akasimama, akaitazama ndizi.

"Ndizi," Mama Murithi akasema, akampa papo hapo. Mwiti akaenda nayo kibandani bila kugeuka.

Bibi alijifuta vidole kwenye leso. Hakulia wala hakutabasamu, na hakutaka kuambiwa amefanya vizuri.

"Leo ameangalia ndizi," akasema. Kisha akainua mkono mtupu, akauleta karibu kabisa na jicho lake. "Kesho nitaishika hapa."